Fungu la Soko na Mteja Mwaminifu

Muulize mwenye duka la mtaani mteja mwaminifu ni nani, naye atafungua daftari la madeni akuonyeshe majina yaliyokatwa mstari: hawa wamelipa. Wataalamu wa biashara hutumia maneno hayohayo kwa maana nyingine kabisa. Kwao ni mnunuzi anayerudi dukani humohumo ingawa jirani anauza kitu kilekile. Kwa hesabu hiyo, hata yule anayekuja kila siku kuongeza deni ni mwaminifu!

Istilahi hii huenda pamoja na nyingine, ambayo mimi huiita fungu la soko. Wapo wanaoandika “sehemu ya soko”, lakini ukisema hivyo Kariakoo watu watadhani unauliza samaki wanauzwa upande gani. “Hisa ya soko” inagongana na soko la hisa. “Mgao” kwetu ni wa umeme, tena una mgawaji. Sokoni hakuna anayegawiwa, watu hunyang’anyana. Fungu tunalijua kwenye nyanya na kwenye mirathi: kipande cha kitu kizima, kinachopimwa kwa kulinganishwa na vya wenzio.

Kulinganisha huko ndiko kunakowaponyoka wengi. Maduka ya vyombo ya mtaa mmoja yakiuza jumla ya shilingi milioni 10 kwa mwezi, na lako likauza milioni 4, fungu lako ni asilimia 40. Mwaka ujao mtaa ukiuza milioni 20 nawe milioni 5, utachinja mbuzi kwa furaha, kumbe fungu limeshuka hadi asilimia 25.

Kuona uaminifu na fungu vinavyofuatana, tazama Bed Bath & Beyond, kampuni ya Marekani ya shuka, taulo na vyombo, iliyoanzishwa New Jersey mwaka 1971 na Warren Eisenberg na Leonard Feinstein. Sifa yake kubwa ilikuwa kuponi ya buluu iliyofika kwa posta, yenye punguzo la asilimia 20 kwa kitu kimoja. Ilikuwa na tarehe ya mwisho, ila wanunuzi walijua keshia hataitazama. Wakazirundika kwenye droo za jikoni na ndani ya magari, siku ya kwenda dukani wakabeba kibunda.

Mwaka 2019 akaja mkurugenzi mpya, Mark Tritton, kutoka Target, kampuni nyingine ya maduka ya Marekani. Akapunguza kuponi, akaondoa chapa zilizozoeleka na kujaza rafu kwa chapa za kampuni yenyewe. Wateja hawakugombana na mtu. Walihamia Target na HomeGoods, au waliagiza Amazon wakiwa wamejilaza. Korona nayo ilichangia, pamoja na mabilioni ya dola ambayo kampuni ilikuwa imeyatumia kununua hisa zake yenyewe. Aprili 2023 ikaenda mahakamani kutangaza kufilisika, ikiwa imebakiwa na maduka 360 hivi ya jina hilo.

Siku zilezile kampuni nyingine za maduka, Big Lots na The Container Store, zikatangaza kwamba zitapokea kuponi za marehemu. Hapo ndipo neno “uaminifu” linaponikwama kooni. Waliobeba kibunda chao wakavuka barabara walikuwa waaminifu kwa karatasi. Kiswahili kina neno lao, mazoea, na ningependa watafsiri walitumie bila aibu. Anayerudi mara kwa mara tumwite mteja wa kudumu, maana hilo linahesabika. Uaminifu tumwekee yule anayejua kwamba mbele kuna bei nafuu, asiende, kwa sababu muuza nyanya wake humwekea nyongeza bila kuombwa na humwambia wazi siku nyanya zikiwa mbovu.

Juni 2023 Overstock, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, ilinunua jina la Bed Bath & Beyond, bila maduka, kwa dola milioni 21.5. Agosti 2025 duka lenye jina hilo lilifunguliwa Nashville, na waliokuwa bado na kuponi za zamani wakaambiwa waje nazo.