Kubadilisha diski kuu bila kuzima tarakilishi: Yapasayo kujulikana

KUCHOMOA diski kuu na kuchomeka nyingine huku tarakilishi ingali inafanya kazi ni jambo linalowezekana, lakini si kwa kila diski wala kwa kila mtambo. Anayelijaribu bila kujua mipaka yake huweza kupoteza kwa sekunde moja data alizokusanya kwa miaka.

Diski kuu ndiyo hifadhi ya mfumo endeshi, programu na faili za mtumiaji, hata umeme unapokatika. Diski za aina ya zamani huwa na visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku vichwa vya kusomea na kuandikia vikielea juu yake bila kuvigusa. Diski za SSD, kwa upande wake, hazina sehemu inayozunguka. Hutunza data ndani ya chipu.

Haja ya kubadilisha diski bila kuzima mtambo ilitokana hasa na seva. Seva ya benki au hospitali huhudumia watu wengi usiku na mchana, na kuizima kwa sababu ya diski moja mbovu ni kuwasimamisha wote hao.

Mnamo 1988, wataalamu David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala kuhusu mpango wa RAID, ambapo diski kadhaa hufanya kazi kwa pamoja kiasi kwamba moja ikifa, data hubakia salama. Katika seva zenye mpango huo, fundi huiondoa diski iliyokufa na kuweka nzima badala yake, nao wanaohudumiwa wasitambue lolote.

Tarakilishi za nyumbani na ofisini zilikuwa mbali na neema hiyo. Katika miaka ya 1990 nyingi zilitumia diski za IDE, zilizounganishwa kwa kebo pana yenye njia 40 za pini, aghalabu diski mbili zikishirikiana kebo moja. Diski hizo hazikuundwa kuchomolewa umeme ukiwa ungalipo, na aliyethubutu alihatarisha diski yenyewe pamoja na bodi kuu.

Mambo yalibadilika mwaka wa 2003 ulipotolewa utaratibu wa SATA. Kila diski ilipata kebo yake nyembamba, yenye miguso saba ya data, na soketi ya umeme yenye miguso 15. Miguso hiyo haikupangwa kwa urefu mmoja. Ile ya ardhi hutangulia kukutana, ikifuatwa na ile inayoingiza umeme taratibu, kisha iliyosalia. Kwa njia hiyo, umeme hauingii kwa kishindo.

Hata hivyo, soketi peke yake haitoshi. Sharti bodi kuu nayo iwe tayari, yaani diski ziendeshwe kwa utaratibu wa AHCI, ambao kampuni ya Intel iliutoa mwaka wa 2004. Katika bodi nyingi mpangilio huo hupatikana kwenye BIOS, na baadhi hudai kila soketi iruhusiwe kando. Ni vyema uwekwe mapema, kwani kuubadilisha baada ya Windows kusakinishwa kunaweza kuifanya tarakilishi ikatae kuwaka.

Hatari iliyofichika

Wengi hudhani kwamba hatari kubwa ni umeme. Kumbe hatari kubwa zaidi imo katika programu. Mfumo endeshi hauandiki kila kitu kwenye diski papo hapo. Huweka kwanza data katika kumbukumbu ya muda, kisha huziandika baadaye kidogo. Mtumiaji huona faili imekwisha kunakiliwa, ilhali sehemu yake haijafika kwenye diski.

Diski ikichomolewa wakati huo, faili hubakia nusu. Mbaya zaidi, orodha inayoonyesha mahali pa kila faili inaweza kuvurugika, na hata faili ambazo hazikuguswa siku hiyo zisionekane tena.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kufunga kila faili na programu inayotumia diski hiyo, kisha kuuarifu mfumo endeshi. Katika Windows, diski nyingi za aina hii huondolewa kwa alama ya uondoaji salama iliyo karibu na saa. Katika Linux hutumiwa amri ya umount. Mfumo ukikataa kwa madai kwamba diski ingali inatumika, jibu hilo lisipuuzwe.

Baada ya hapo, umeme wa diski hukatwa, na fundi husubiri hadi mvumo wa visahani unyamaze kabisa kabla ya kuisogeza. Kadhalika, huigusa fremu ya chuma ili umeme tuli ulio mwilini usiharibu chipu. Kishubaka maalumu cha kuchomekea diski kutoka nje ni salama zaidi kuliko kupenyeza mkono ndani ya mtambo unaofanya kazi.

Diski mpya isipoonekana, mfumo huagizwa kuitafuta upya kupitia sehemu ya usimamizi wa diski. Iwapo diski hiyo ina data za zamani na mfumo unaomba kuiandaa upya, ombi hilo lisikubaliwe kwa pupa, kwani kuendelea kunaweza kuzipoteza.

Pasipowezekana

Diski yenye mfumo endeshi unaotumika haiondolewi, isipokuwa iwe na pacha wake katika RAID. Aidha, SSD za NVMe zinazofungwa kwa skrubu kwenye bodi kuu hazikukusudiwa kubadilishwa hivyo katika tarakilishi za kawaida. Kwa hizo, mtambo huzimwa na umeme kukatwa kabisa.

Hata kwenye seva, tahadhari haina mbadala. RAID 5 huvumilia kifo cha diski moja tu. Fundi akikosea na kuchomoa diski nzima badala ya ile mbovu, mkusanyiko wote husimama na data zinaweza kupotea. Kwa hivyo nambari ya diski huthibitishwa kabla ya mkono kunyooshwa. Isitoshe, RAID si nakala ya akiba, kwani faili iliyofutwa kimakosa hufutika kote.

Kwa mwenye tarakilishi moja nyumbani, kuzima na kuwasha upya huchukua dakika chache tu. Asiye na hakika kuhusu bodi yake, au asiye na nakala ya faili zake mahali pengine, heri azitoe dakika hizo. Haraka haraka haina baraka.