Waliobeba Mahema: Eastlands na Historia ya Kupiga Kambi

Reli kutoka Mombasa ilipofika Nairobi mwezi Mei 1899, hapakuwa na mji wa kuipokea. Palikuwa na tambarare yenye majimaji, mto, na safu za mahema ya turubai walimolala wahandisi, makarani na vibarua. Mwaka huohuo makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa, na kambi ile ikaanza kugeuka mji.

Turubai la siku zile lilikuwa kitambaa kizito cha pamba. Likilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba matundu, maji yasipite. Lakini ukiligusa kwa ndani wakati mvua inanyesha, huanza kuvuja papo hapo. Likikunjwa kabla halijakauka, uzito huongezeka, na uzito huo ulikaa juu ya kichwa cha mpagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Hema kubwa liligawanywa: huyu turubai, yule nguzo na vigingi.

Nairobi ikawa kitovu cha biashara ya safari za uwindaji. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alianza safari yake katika nyanda za Kapiti akiwa na wapagazi wapatao 200. Kampuni ya Newland & Tarlton ya Nairobi ndiyo iliyomwandalia msafara. Bendera ya Marekani ilipepea juu ya hema lake, na mahema ya wapagazi yakapangwa nyuma.

Ujuzi wa kambi ulikuwa wa wapagazi hao. Ndio waliochagua ardhi isiyotuamisha maji, wakakaza kamba kabla ya upepo wa jioni, wakachimba mfereji kuzunguka hema, kisha alfajiri wakakunja kila kitu na kutangulia njiani. Vitabu vya safari vimehifadhi jina la aliyelala ndani. Wengi wa waliosimamisha hema hawakuandikwa.

Vita Vikuu vya Kwanza vikaugeuza upagazi kuwa mauti. Jeshi la Uingereza liliwakusanya wanaume kwa maelfu, wengi kwa nguvu, wabebe chakula na risasi hadi ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Waliouawa na risasi walikuwa wachache wakilinganishwa na waliouawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, huku wakila unga usioiva na kulala kwenye baridi na mvua bila hifadhi ya kutosha. Wapagazi zaidi ya 40,000 kutoka Kenya hawakurudi. Kambi ya kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps, ndiyo iliyoachia mtaa wa Kariokor jina lake, kama ilivyokuwa kwa Kariakoo ya Dar es Salaam.

Baada ya vita, mwanzoni mwa miaka ya 1920, manispaa ilipima viwanja vya Pumwani, katika Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, watu wakajijengea nyumba zao wenyewe, ndiyo Majengo. Pangani, kijiji cha Waswahili na watu wa misafara, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikajengwa kuwapokea waliohamishwa. Wakati huo mizigo ya safari ilikuwa ikibebwa na magari, si wapagazi tena.

Leo turubai la kambi mara nyingi ni la plastiki au nailoni, na hukunjika likaingia kwenye begi la mgongoni. Kamba moja kati ya miti miwili na vigingi vinne vinatosha kumkinga mtu na mvua. Vijana wa Buruburu na Umoja wanaopanda Longonot au vilima vya Ngong hupata viatu na mabegi kwenye mitumba ya Gikomba, hatua chache kutoka Majengo. Wanastahili kufundishwa historia hii shuleni na katika vikundi vyao vya kupanda milima, wakianzia Kariokor na kuishia Kenyatta Avenue, ambako sanamu ya mpagazi imesimama pamoja na zile za askari.