Maji ya Butahu: Historia ya Safari za Kupanda Ruwenzori toka Mutwanga

Asubuhi moja ya wakati wa jua, mawingu yakikubali, mtu wa Beni anaweza kugeuza uso upande wa mashariki na kuona kitu cheupe juu kabisa ya milima. Ni theluji, na iko kwetu. Siku moja niliuliza kalasi yangu: nani alifika huko wa kwanza? Wote walitaja jina la Mzungu. Nikauliza tena: nani alimuonyesha njia? Kukawa kimya. Njo maana ninaandika kurasa hizi.

Kwanza tuelewane juu ya majira. Kule Ulaya, mwezi wa tatu baridi inapungua, theluji inayeyuka, na watu wa milimani wanatoka kwenda kutazama maporomoko ya maji yaliyojaa. Sisi hatuna majira ya namna hiyo. Tuko na wakati wa jua, toka katikati ya Desemba hadi Februari hivi, tena Juni na Julai. Wakati mwingine ni mvua. Wapandaji wa Ruwenzori walipenda sana miezi ya kwanza ya mwaka. Aliyechelewa mpaka Machi alikuta mito imevimba: maporomoko mazuri kuyatazama, lakini matope mpaka magoti.

Njia yetu inaanzia Mutwanga, mtu akiacha barabara ya Kasindi, kwenye kituo cha Parke kinachoitwa Mutsora. Inafuata bonde la mto Butahu, ambao vitabu vingine vinauandika Butawu au Butagu. Mto huo unashuka toka barafu ya mlima Stanley, unaruka mawe na kuingia Semuliki. Semuliki unaenda ziwa Albert, na toka pale maji yanafuata Nili hadi Misri. Anayepanda analala kwanza Kalonge, juu ya mita 2,000, ndani ya pori. Siku ya pili anapita mianzi na miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, analala Mahangu, juu ya mita 3,000. Kisha ni Kiondo, juu ya mita 4,000, karibu na ziwa Jeusi. Toka pale ni mawe na barafu tu, mpaka kilele cha Margherita, mita 5,109.

Sasa historia yenyewe. Stanley aliandika kwamba aliona theluji mwaka wa 1888. Mwaka wa 1889 msaidizi wake Stairs alijaribu kupanda toka upande wetu wa magharibi, akapita mita 3,000, akarudi. Wapagazi wengi wa msafara ule walikuwa watu wa Zanzibar. Basi Kiswahili hiki tunachosoma hapa kilisikika kwenye mlima tangu siku hizo. Mwaka wa 1891 Mjerumani Stuhlmann alifuata bonde hilihili la Butahu, akafika karibu mita 4,000. Mwaka wa 1906 Duke wa Abruzzi, toka Italia, alifika kileleni tarehe 18 Juni, lakini yeye alipitia Uganda. Alikipa kilele jina la malkia wa Italia. Mwaka wa 1910 Wabelgiji na Waingereza walikubaliana mpaka upite juu ya mlima. Watu wa pande mbili, Wanande huku na Wakonzo kule, waliamka asubuhi wakiwa wa makoloni mawili, na lugha ilikuwa ileile moja.

Mwaka wa 1932 Wabelgiji walituma msafara wa wapandaji na wataalamu, chini ya Xavier de Grunne, nao walipanda toka huku kwetu. Miaka michache nyuma yake, mwaka wa 1935, upande wa Kongo wa Ruwenzori ukawekwa ndani ya Parke Albert, iliyokuwa imeanzishwa mwaka wa 1925. Toka 1969 tunaiita Virunga. Hoteli ilijengwa Mutwanga, watalii wakaja, na kazi ya kubeba mizigo ikawa kazi ya kijiji.

Hapa vitabu vinanyamaza, lakini jamaa zetu hawanyamazi. Babu yangu mzaa mama alibeba mizigo ya Wazungu toka Mutwanga, siku za mwisho za Wabelgiji. Alitueleza kwamba mzigo haukuwa shida. Shida ilikuwa baridi ya usiku, na kelele. Wazee walisema juu kule ni kwa Kitasamba, mwenye theluji, na mtu hapigi kelele kwenye nyumba ya mwingine. Wazungu walipoimba, wapagazi waliinamisha vichwa. Mvua ya mawe ikianguka, kila mmoja alijua sababu yake: Mzungu alisema ni hewa, babu alisema ni wimbo. Mimi mwalimu ninafundisha hewa. Lakini ninakumbuka kwamba wazee, kwa heshima ile, waliacha chemchemi bila kuzichafua wala kukata miti yake.

Mimi mwenyewe nilipelekwa Mutwanga na walimu wetu nikiwa kijana. Hatukufika mbali: tulipanda kidogo tu kando ya mto, tukasikia maji mbele ya kuyaona. Mwalimu alituomba tuweke mikono ndani. Mmoja alipiga kelele, « Ni barafu hii! » Alikuwa amesema kweli kuliko alivyofikiri.

Watoto wangu hawajaenda. Waasi toka Uganda walitumia milima hii tangu miaka ya 1980, na tangu Oktoba 2014 mauaji yameangamiza maelfu ya watu katika teritware ya Beni. Sekta ya Ruwenzori ilipata sehemu yake ya msiba. Watalii waliotaka kilele walipitia Uganda, na wapagazi wa Mutwanga walibaki na jembe, kama shamba lenyewe lilifikika.

Mto haukusimama. Tangu 2013 kiwanda kidogo cha umeme cha Virunga kinatumia maji ya Butahu, na taa zikawaka Mutwanga. Lakini juu kule barafu inaisha. Mwaka wa 1906 ilikuwa karibu kilomita mraba 6.5, leo haibaki hata moja. Mvua itaendelea kulisha mto, hiyo ni kweli, lakini kile kitu cheupe tunachokiona asubuhi, wajukuu wetu huenda watakisoma tu.

Kwa hiyo ninaomba kitu kimoja kwa walimu wenzangu wa Beni na Butembo. Bazee waliobeba mizigo wanaenda mmoja mmoja. Tutume wanafunzi kwao na daftari: majina ya wapagazi, majina ya Kinande ya kila kijito na kila jiwe, mahali pa kulala, mambo yaliyokatazwa. Amani ikirudi, njia itahitaji watu wanaoijua. Na siku kalasi itakapoulizwa nani alionyesha njia, kusiwe kimya tena.