Ujira na Makao Katika Milki za Uingereza

Katika milki kubwa za mashambani huko Uingereza, mtumishi alipewa nyumba pamoja na ujira. Neema hiyo ilikuwa na mwiba: aliyepoteza kazi aliweza kupoteza na makao, na mjane wake vilevile. Sheria ya mwaka 1976 iliwakinga wengi wa wafanyakazi wa kilimo. Mwenye shamba aliyeihitaji nyumba aliweza kuliomba baraza la wilaya liwatafutie makao mengine. Lakini baadaye Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kwamba mlezi wa ndege wa kuwindwa kwa mchezo hafanyi kilimo. Basi watumishi wawili wa bwana mmoja walitenganishwa na maana ya neno moja: huyu alilindwa na sheria, yule na hisani.