Chupa Ndogo Ndani ya Sigara ya Betri

Leo tunazungumzia kitu ambacho huenda umekiona mfukoni mwa kijana ukadhani ni chaja ya simu: sigara ya betri, ile vijana huiita vepu. Tutaangalia hasa aina yenye chupa kwa chini, maana chupa hiyo ina historia, na historia yenyewe inamhusu mtoto anayetambaa.

Sigara isiyo na moto si wazo la jana. Mwaka 1963 Mmarekani Herbert Gilbert aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku, akapewa mwaka 1965. Haikuingia sokoni. Miaka ikapita hadi 2003, ambapo mfamasia Mchina, Hon Lik, mvutaji sugu ambaye babake naye alikufa kwa saratani ya mapafu, alipobuni kifaa cha kugeuza maji ya nikotini kuwa mvuke. Tuseme kweli, alitaka kuwaondoa watu kwenye moshi.

Kufikia 2007 vifaa hivyo vilikuwa vimefika Ulaya na Marekani. Baadhi ya watumiaji walikuwa wakidondosha maji juu ya pamba kila baada ya kuvuta mara chache, wakachoka. Ndipo ikaja chupa laini tumboni mwa kifaa. Ukiibonyeza, maji hupanda na kulowesha pamba. Ukiiachilia, yaliyozidi hurudi chini. Ni ujanja mzuri kwa mvutaji. Lakini hebu piga hesabu: chupa ya mililita 8, yenye miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita, ina miligramu 160, na pengine inanukia embe au peremende!

Desemba 2014, mjini Fort Plain, jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alifariki baada ya kumeza maji ya nikotini. Januari 2016 Marekani ilipata sheria ya vifuniko vigumu kwa watoto kufungua. Sheria hiyo ni ya chupa za dukani. Ile ya ndani ya kifaa mara nyingi huchomolewa kwa vidole viwili tu.

Betri nayo ina yake. Vifaa vingine havina saketi ya kukata umeme mambo yakiharibika. Mei 2018, huko Florida, mwanamume wa miaka 38 aliuawa na kifaa kilicholipuka.

Kwa asiyevuta, hakuna cha kuchagua hapo, na mama mjamzito asikiguse. Lakini kama baba watoto anakitumia ili aache sigara, mwambie achague chenye saketi ya usalama, kitufe kinachofungika na chupa isiyovuja. Kisha kifungiwe kabatini pamoja na dawa. Mkoba wako si kabati, mama. Mtoto huanzia hapo kupekua.

Akimeza, utaona anatapika, anatokwa na mate mengi, anapauka, pengine anatetemeka au kupata degedege. Usimtapishe. Yakimwagikia ngozi, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi. Usingoje dalili: mkimbize hospitalini, na uibebe ile chupa, daktari aione.