Kizunguzungu cha sikio kwa mwenye kisukari

Mwenye kisukari akimwambia daktari "nasikia kizunguzungu", bado hajaeleza anachoumwa. Huenda sukari imeshuka, anatetemeka na jasho linamtoka. Huenda ameinuka kitandani ghafla na presha ikashuka, kwa kuwa neva zinazobana mishipa ya damu zimeharibika. Macho yanaingia giza. Au kila akijigeuza kwenye mto anaona chumba kizima kinazunguka. Hiki cha mwisho ndicho cha sikio, na soda ya kupandisha sukari haikitibu.

Kiungo kinachohusika wataalamu hukiita vestibula, kutoka Kilatini *vestibulum*, ukumbi wa kuingilia nyumba. Watu wa mwambao wana neno lao, daka: kile kibaraza cha mlangoni katika nyumba za mawe. Na kweli vestibula ni kijichumba cha katikati ya sikio la ndani: upande mmoja kipo kikonokono cha kusikia, upande wa pili mifereji mitatu ya nusu duara inayohisi kichwa kinapogeuka. Humo ndani mna chembe ndogo za chokaa; zikidondokea kwenye mfereji, mtu huona dunia inazunguka. Daktari aliyefundishwa hugeuza kichwa cha mgonjwa hatua kwa hatua mpaka zirudi mahali pake.

Daka nalipenda, lakini katika zahanati za bara haliwezi kueleweka. Bora vestibula, ikifuatiwa na maelezo: kiungo cha msawazo. "Usawa" nisingeutumia, msomaji atadhani ni habari za haki.

Kisukari kinafikaje kwenye vestibula? Sukari iliyozidi kwa miaka huharibu vijishipa vya damu na neva, na sikio la ndani linalishwa na mshipa mwembamba usio na msaidizi. Kibaya zaidi, mwili husimama kwa kutegemea macho, nyayo na sikio, na kisukari huvishambulia vyote vitatu. Asiyehisi sakafu vizuri akienda msalani usiku bila taa amebakiwa na sikio tu, nalo likiwa bovu ataanguka. Nchini Marekani, mwaka 2009, Yuri Agrawal na wenzake walichapisha matokeo ya watu wa miaka 40 na zaidi waliosimamishwa juu ya sponji wakiwa wamefumba macho: wenye kisukari walikuwa na uwezekano wa kushindwa uliozidi wa wengine kwa asilimia 70.

Kwa maoni yangu, "kizunguzungu" kibaki kwa chumba kinachozunguka, maana mzunguko umo ndani ya neno lenyewe. Kichwa chepesi na giza la macho tuviite kisunzi. Mgonjwa, usingoje wanakamusi wakubaliane. Mweleze daktari unachokiona, na kilianza ukifanya nini. Kabla ya kufungua soda, pima sukari. Kipimo kikikosekana na jasho linakutoka, kunywa, kisha uende hospitali.