Waya ilileta picha, haikuleta telekomande

Wasomi wenzangu, tukisoma historia ya televizioni katika nchi yetu, mara nyingi tunaanzia Kinshasa, mwaka 1966, wakati picha za kwanza zilirushwa. Mimi leo naanzia kwetu Bukavu, kule Kadutu, mwaka 2006, kwa chumba cha koko.

Nyumbani tulikuwa na televizioni mbili, dekodere moja. Televizioni mpya ilikaa saloni. Ile ya zamani, yenye mgongo mrefu, papa aliinunua wakati wa Zaire, na sasa ilikaa kwa koko, mama yake mzazi. Abonema ya pili hatukuweza kulipa. Koko naye miguu ilikuwa inamuuma, kuja saloni kila jioni ilikuwa shida. Basi yaya wangu, aliyekuwa anasomea mambo ya umeme, akasema: « Koko, utaona na wewe. Ngoja tu. »

Nyuma ya dekodere kulikuwa na matundu ya rangi tatu: la njano kwa picha, jekundu na jeupe kwa sauti. Hayo yalikwenda kwa televizioni mpya. Pembeni kulikuwa na tundu la antena la kutolea. Ndani ya dekodere za namna ile kuna kifaa kidogo, modulateri, kinachobebesha picha na sauti kwa masafa kama vile kituo cha televizioni kinavyofanya. Televizioni ya zamani inafikiri imepata kituo hewani, kumbe kituo kiko saloni! Yaya akapitisha waya ya antena, ile nene yenye shaba katikati, juu ya plafo mpaka kwa koko. Akazungusha kitufe cha kutafuta kanali, polepole.

Picha ikaja. Lakini haina rangi, tena bubu kabisa.

Hapo historia iliingia nyumbani bila kubisha hodi. Mwaka 1967 Ulaya ilianza kurusha televizioni ya rangi kwa mifumo miwili: PAL iliyotoka Ujerumani, na SECAM iliyotoka Ufaransa. Zaire ilifuata SECAM, na televizioni ya koko ilikuwa ya mfumo huo. Dekodere yetu ilitoa PAL. Yaya akaingia kwa menyu, akabadilisha herufi B/G akaweka D/K, maana umbali kati ya picha na sauti si mmoja kwa mifumo yote. Sauti ikatoka. Rangi haikuja, na koko akasema haina neno, yeye ameona mengi bila rangi.

Tatizo la kweli lilikuja kesho yake. Dekodere moja inafungua kanali moja tu kwa wakati mmoja. Kile saloni inachagua, ndicho koko anachoona. Na telekomande haipitishi mwanga wake kwa ukuta. Basi mimi, mtoto wa miaka kumi, nikawa telekomande yenye miguu. « Enda wambie baweke habari! » Nakimbia. Saloni wananijibu: « Mwambie koko angojee, mupira inaisha sasa hivi. » Narudi.

Siku moja nilimuuliza kama hachoki kuangalia vitu alivyochaguliwa. Alicheka. Akanikumbusha ile televizioni ilivyokuwa ilipokuwa mpya: kanali moja ya serikali, na kila jioni, mbele ya habari, uso wa Mobutu unashuka kutoka mawinguni. Mpaka tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu mwenyewe alipotangaza mwisho wa chama kimoja, hakuna aliyekuwa na telekomande isipokuwa yeye. Nchi nzima ilikuwa chumba cha pili.

Ndiyo maana jioni moja ya Agosti 2006 haijanitoka. Tarehe 30 Julai wananchi walikuwa wamepiga kura, uchaguzi wa vyama vingi wa kwanza baada ya zaidi ya miaka 40. Koko alipanga mstari tangu asubuhi, na miguu yake ile. Sasa matokeo yalikuwa yanatoka kidogo kidogo. Alinituma saloni mara tatu. Mara tatu nilirudi na jibu la mupira.

Koko hakukasirika. Alishusha sauti ya televizioni mpaka ikanyamaza, akachukua redio yake ya mabetri, akatafuta Radio Okapi. Tukakaa wawili gizani: kwa macho, wachezaji weusi na weupe wanakimbia, kwa masikio, hesabu za kura. Akasema: « Kura nilipiga mwenyewe. Habari yake pia nitaisikia mwenyewe. »

Leo koko hayuko tena. Dekodere nyingi mpya zinatoa picha kwa HDMI, hazina hata lile tundu la antena, na sisi kila mmoja ana simu yake mkononi. Tunasema tumetoka kwa chumba cha pili. Lakini nikishika simu usiku, video moja inafuata ingine bila mimi kuiomba, najiuliza ni nani ameshika telekomande. Halafu namkumbuka koko, mkono wake kwa kitufe cha redio, anatafuta.